Hadubini kumi na matoleo mawili ya mchoro mmoja: uchambuzi wa kisa cha karakana iliyojenga kwa michoro ya chanzo huria

Kisa hiki ni cha karakana moja ya mji wa pwani, Afrika Mashariki, iliyopewa kazi ya kutengeneza hadubini kumi za kufundishia kwa kutumia michoro ya chanzo huria, yaani michoro ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuipakua, kuitumia na kuibadilisha. Majina ya watu, ya mji na ya taasisi yameondolewa, na mambo madogo yasiyogusa ufundi yamebadilishwa. Wahusika tunawaita Karakana, Chuo na Watunzaji. Walengwa ni mafundi, wahandisi na walimu wa ufundi wanaofikiria kushika kazi ya aina hii. Ndiyo maana kisa kinaingia hadi kwenye nati na tabaka za plastiki: huko ndiko kazi ilikoharibikia, na huko huko ndiko ilikotengemaa.

## Usuli

Mchoro uliotumika ulitokana na OpenFlexure, mradi wa hadubini ya kuchapwa kwa printa ya 3D ulioanzia vyuo vikuu vya Uingereza. Makala ya kisayansi kuhusu jukwaa lake ilitoka mwaka 2016, na makala nyingine ya 2020 iliripoti kwamba hadubini zaidi ya 100 zilikuwa zimekwisha kutengenezwa Tanzania na Kenya kwa ajili ya mafunzo, utafiti na kazi za kliniki. Kwa ukanda huu, basi, Karakana haikuwa inajaribu jambo jipya. Jipya lilikuwa kwamba hakuna hata mmoja ndani yake aliyewahi kushiriki mradi wa michoro huria. Walizoea kupokea mchoro kutoka kwa mteja, kukata chuma, kukabidhi na kulipwa.

Hadubini hii haina beringi wala reli. Mwili mzima huchapwa kipande kimoja kwa plastiki ya PLA, na jukwaa linalobeba slaidi hutembea kwa sababu miguu yake imeungwa kwa vipande vyembamba vya plastiki vinavyopinda, yaani bawaba nyumbufu. Skrubu ya M3, ambayo uzi wake husogea mm 0.5 kila mzunguko, huvuta wenzo. Oringi ya mpira huurudisha. Mota ndogo ya 28BYJ-48 huzungusha skrubu kupitia gia mbili. Kwa mpangilio huo mchoro wa asili unatoa mwendo wa mm 12 kwa 12 kwa 4, na hatua ndogo kabisa ya nanomita 70 kwa pembeni na 50 kwa fokasi. Picha huchukuliwa na kamera ya Raspberry Pi v2, iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta ndogo ya jina hilo, ikiwa imeondolewa lenzi yake ndogo.

Usahihi huo una kazi yake. Ukitumia lenzi ya mara 100 yenye mafuta, kina kinachoonekana vizuri hakifiki hata mikromita 1, wakati chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8. Fokasi ikiyumba kidogo, mwanafunzi anayetafuta kimelea cha malaria anaangalia ukungu.

Chuo, ambacho hufundisha wateknolojia wa maabara, kiliagiza hadubini kumi kwa muda wa miezi minne. Karakana ilikuwa na printa mbili, fundi mkuu aliyekulia kwenye mashine ya kukereza chuma, mhandisi kijana mmoja na wanafunzi wawili wa mafunzo kazini. Watunzaji ni kikundi kidogo cha wahandisi wa nchi tofauti wanaotunza toleo hili la mchoro kwenye hazina ya GitLab, tovuti ya kuhifadhi mafaili na kufuatilia matoleo yake, wote kwa muda wao wa ziada. Leseni ya mchoro ni CERN-OHL-S: unaruhusiwa kutengeneza na kuuza, lakini ukibadilisha mchoro na kumpa mtu kifaa, lazima chanzo cha mabadiliko yako nacho kipatikane kwa masharti hayo hayo.

## Mtiririko wa matukio

Mwezi wa kwanza ulianza vizuri. Mhandisi alipakua mafaili ya STL, yaani maumbo yaliyo tayari kuchapwa, kutoka kwenye toleo rasmi na kuanza kuchapa kwa printa ya kwanza. Wiki tatu baadaye printa ya pili ilipata nozeli mpya, na mwanafunzi aliyeisimamia akapakua mafaili yake mwenyewe. Hakwenda kwenye toleo rasmi, alichukua kutoka tawi kuu, yaani nakala ya kazi inayoendelea, ambalo Watunzaji hulibadilisha kila wakati. Majina ya mafaili yalikuwa yale yale. Katikati ya wiki hizo tatu, Watunzaji walikuwa wameongeza mm 0.4 kwenye upana wa kabari inayoshika moduli ya lenzi (kipande kinachobeba lenzi na kamera), kwa sababu watu wengi walilalamika kwamba inacheza.

Miili ilipokutana na moduli, nusu hazikuingia. Fundi mkuu alifanya ambacho fundi yeyote mzoefu angefanya: alichukua tupa akapunguza. Ziliingia. Lakini kabari iliyopigwa tupa kwa mkono haikai wima, na mhimili wa lenzi ukiinama kidogo tu, upande mmoja wa picha unakuwa safi na wa pili unafifia. Hilo liligunduliwa wiki mbili baadaye, zilipowekwa slaidi za kwanza. Kwa wakati ule ilionekana kazi imesonga mbele.

Hapo hapo ikaja haraka. Mwili mmoja ulichukua zaidi ya saa 10 kwa tabaka za mm 0.2, na umeme wa mtaa ule ulikuwa ukikatika karibu kila siku. Printa zao huweza kuendelea pale zilipoishia umeme ukirudi, lakini plastiki ya chini inakuwa imeshapoa, na tabaka inayofuata haishiki sawasawa. Kwenye sanduku la kawaida huo ni mstari tu unaoonekana ubavuni. Kwenye mwili wa hadubini hii, mstari ukiangukia bawaba, bawaba inakatika siku utakapoipindisha mara ya kwanza. Miili miwili ilikufa hivyo. Ili kupunguza uwezekano wa kukatiwa umeme katikati ya kazi, mhandisi aliongeza unene wa tabaka hadi mm 0.3, na muda ukapungua kwa karibu theluthi moja.

Miili ya tabaka nene ilikuwa mizuri kwa macho. Jukwaa likasogea. Lakini fokasi ilikuwa ikibadilika kila jukwaa linapokwenda pembeni, na hadubini mbili zilihitaji nguvu nyingi mno kugeuza gia hata mota zikawa zinaruka hatua. Mhandisi, akiona baadhi ya bawaba zimekuwa laini na nyingine ngumu, alihitimisha kwamba bawaba za mchoro ni nyembamba mno. Alifungua STL kwenye programu ya kuhariri maumbo, akazinenepesha kwa jicho, na akapanua matundu ya nati, kwa sababu nati za M3 zilizopatikana mjini zilikuwa kubwa kidogo kuliko za kwenye mchoro.

Vipuri navyo vilikuwa na hadithi yake. Orodha ya vifaa ilitaka oringi za Viton, aina ya mpira maalumu, zenye kipenyo cha ndani mm 30 na unene mm 2, na nati za brasi. Maduka ya vipuri vya pampu yalikuwa na oringi za vipimo hivyo hivyo, ila za mpira wa nitraili, kwa bei ndogo sana. Nati zilipatikana za stenlesi, sawa na skrubu. Vyote viwili vilinunuliwa. Hakuna aliyeona tatizo, maana vipimo vililingana.

Baada ya miezi miwili na nusu mhandisi aliwaandikia Watunzaji kwa mara ya kwanza. Ujumbe ulisema kwamba hadubini haifanyi kazi na bawaba zinatakiwa kunenepeshwa. Jibu lilikuja baada ya siku chache: Watunzaji waliomba namba ya toleo, unene wa tabaka, picha ya bawaba kutoka ubavuni, na faili lililobadilishwa. Mhandisi alisoma jibu hilo kama kukataliwa kwa adabu, akanyamaza. Kwa karibu mwezi mzima pande zote mbili zilikaa zikisubiriana.

Mengine yalikwenda haraka. Hadubini tatu zilizokamilika zilipelekwa Chuo ndani ya gari dogo, zikaachwa kwenye buti mchana kutwa wakati dereva akishughulikia nyaraka. PLA huanza kulainika karibu na nyuzi 60 za selsiasi, na buti la gari lililofungwa juani linaweza kukaribia hapo. Mwili mmoja ulifika umepinda. Kamera mbili za bei nafuu, zenye sensa ya aina moja na ile ya Raspberry Pi v2, ziliharibiwa wakati wa kung'oa lenzi, kwa sababu lenzi zake zilikuwa zimeshikwa kwa gundi ngumu, na kifaa cha kuchapwa kinachofungua lenzi kilitengenezwa kwa ajili ya kamera ya asili.

Tukio la mwisho lilitokea Chuoni. Lenzi za mara 100 zilikuwa za msaada, nusu zimeandikwa 160/0.17 na nusu ∞/0.17. Ile 0.17 ni unene wa kifuniko cha slaidi kwa milimita, na zote zinafanana kwa hilo. Namba ya kwanza ndiyo inayotofautisha: lenzi ya 160 huunda picha yake umbali maalumu nyuma yake, ile ya ∞ hutoa miale sambamba. Mchoro una moduli mbili tofauti kwa ajili hiyo, kila moja ikiwa na umbali wake kati ya lenzi ya pili na sensa. Karakana ilikuwa imechapa moja tu.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi ulioibadilisha kazi ulitoka kwa fundi mkuu. Alisimamisha uchapaji wote kwa wiki moja, muda uliowekwa na Chuo ukiwa umebaki wiki nne, na akataka kila kipimo ambacho Karakana ilikuwa imekibadilisha kiandikwe kwenye karatasi moja, pamoja na sababu ya kukibadilisha na sababu ya kipimo cha awali kuwa kilivyokuwa. Safu ya tatu ndiyo iliyokuwa na kazi. Kwa sehemu kubwa ilibaki tupu, na kwa mara ya kwanza mhandisi alifungua chanzo chenyewe cha mchoro, yaani mafaili ya OpenSCAD, programu ambayo umbo huandikwa kwa maneno na vipimo, badala ya STL.

Huko alikuta mstari wa unene wa bawaba, na pembeni yake Watunzaji wameandika kwamba thamani hiyo lazima igawanyike kwa unene wa tabaka. Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kila fundi wa printa aiweke kichwani. Bawaba ya mm 0.8 ni tabaka 4 za mm 0.2. Ukiweka tabaka za mm 0.3, slaisa, yaani programu inayokata umbo kuwa tabaka za kuchapwa, haiwezi kutoa tabaka mbili na theluthi mbili. Itatoa 2 au 3, kutegemea bawaba inaanzia kimo gani. Moja itakuwa mm 0.6 na nyingine mm 0.9. Ugumu wa kipande kinachopinda hufuata unene wake kwa kipeo cha tatu: ya mm 0.6 itakuwa na asilimia 42 tu ya ugumu uliokusudiwa, na ya mm 0.9 itakuwa na asilimia 142. Bawaba za chini na za juu za mguu mmoja zikatofautiana hivyo, mguu hauchori tena msambamba, na jukwaa linapokwenda pembeni linapanda au kushuka. Hiyo ndiyo fokasi iliyokuwa ikipotea. Bawaba za mchoro hazikuwa nyembamba. Zilikuwa zimechapwa kwa unene usio wake.

Maamuzi yaliyofuata yalitokana na hapo. Kazi yote ilirudishwa kwenye toleo moja rasmi, namba yake ikaandikwa ukutani na kuchongwa chini ya kila mwili. Mabadiliko yoyote yangefanywa ndani ya OpenSCAD tu, kwenye tawi la Karakana. STL zilizohaririwa kwa mkono zilifutwa. Tabaka zilirudishwa mm 0.2, na tegemeo za slaisa, yaani plastiki ya muda ya kushikilia sehemu zinazoning'inia, zikathibitishwa zimezimwa, kwa kuwa zikiwashwa hujaza plastiki ndani ya nafasi za bawaba mahali ambapo hakuna kisu kinachofika. Badala ya kupambana na muda wa kuchapa, walikodi betri na inveta inayobeba printa moja usiku kucha. Printa ya pili ikabaki na vipande vidogo ambavyo vikikatika havina hasara kubwa. Uzi wa plastiki, ambao kwa unyevu wa pwani ulikuwa ukitoa nyuzinyuzi kwenye madaraja ya ndani ya mwili, ulianza kukaushwa kwa nyuzi 45 hadi 50 kwa saa tano kabla ya kila mwili.

Kisha mhandisi aliwaandikia Watunzaji tena, safari hii kwa namna nyingine kabisa: namba ya toleo, jedwali la vipimo vya nati kumi zilizopimwa kwa kalipa, picha ya gia na tundu lake, na pendekezo dogo la kufanya upana wa tundu la nati uwe thamani moja inayobadilishwa mahali pamoja. Ombi hilo la kuunganisha mabadiliko yake na mchoro wa Watunzaji lilikubaliwa baada ya marekebisho mawili. Katika majadiliano hayo hayo aliuliza kuhusu nati za brasi, na akapata sababu yake: stenlesi ikisuguana na stenlesi kwenye uzi mwembamba hushikana, uzi ukang'oka. Skrubu mbili za Karakana zilikuwa zimeshakwama hivyo, na mafundi walidhani ni mchanga.

Pendekezo la bawaba nene lilikataliwa, safari hii kwa maelezo kamili: ukitoka mm 0.8 hadi 1.0 ugumu unakaribia mara mbili, oringi zinashindwa kurudisha wenzo, na mwendo unapungua. Karakana ilikubali. Jibu la hapana lenye hesabu ndani yake lina faida kuliko ndiyo ya haraka, na tunaona hapa ndipo Karakana ilipoanza kuwa mshiriki wa mradi.

Kuhusu mauzo, ofisi ya manunuzi ya Chuo ilitaka michoro iliyobadilishwa iwe mali yake peke yake. Karakana ilieleza masharti ya leseni na kukataa, ikatoa badala yake diski yenye chanzo chote cha toleo lililotumika, orodha ya vipuri na maelekezo ya kufunga kwa Kiswahili. Mkataba ulirekebishwa kusema wazi kwamba hadubini ni za kufundishia, si za kutolea majibu ya wagonjwa.

## Matokeo

Hadubini sita zilikabidhiwa kwa wakati, na nne zilizobaki wiki tano baadaye. Miili yote ya tabaka nene na ile iliyopigwa tupa ilitupwa. Hiyo ndiyo hasara kubwa ya fedha katika kazi nzima, pamoja na kamera mbili. Moduli za lenzi zilichapwa za aina zote mbili, na kila hadubini ikabandikwa alama ya lenzi inayoifaa.

Oringi zilizua tatizo la mwisho. Hadubini za kwanza zilikabidhiwa zikiwa na oringi za nitraili, kwa sababu za Viton zilikuwa bado njiani. Katika muhula wa kwanza Chuo kiliripoti kwamba fokasi ya baadhi yake inarudi nusu tu. Zilipofunguliwa, oringi zilikuwa na nyufa ndogo ndogo zilizokatiza upana wa mpira, zote upande wa nje, pale mpira ulipovutwa zaidi. Hiyo ni sura ya nitraili iliyoliwa na ozoni. Mpira huo ni mzuri ndani ya pampu, ambako umebanwa na umezungukwa na mafuta. Ukiuvuta na kuuacha hewani, ozoni kidogo iliyomo kwenye hewa inatosha kuupasua. Viton haisumbuliwi hivyo. Oringi zote zilibadilishwa, kazi ya dakika chache kwa kila moja, na tangu hapo hazijalalamikiwa.

Walimu wa Chuo sasa hufanya matengenezo madogo wenyewe: kutia mafuta mepesi kwenye skrubu, kubadilisha oringi, kuchapisha gia iliyolika. Kwa maoni yetu hilo lina uzito kuliko idadi ya hadubini zilizokabidhiwa, kwa sababu vyumba vya maabara vya ukanda huu vimejaa hadubini za kiwandani zilizokufa kwa kukosa kipuri kimoja.

## Uchambuzi

Ukizipanga hitilafu zote za kisa hiki, karibu kila moja ina mwanzo mmoja: kipimo kilifika Karakana bila sababu yake. Unene wa tabaka, aina ya mpira, metali ya nati, upana wa kabari, umbali wa moduli ya lenzi. Hakuna hata kimoja kilichobadilishwa kwa uzembe. Vilibadilishwa na watu wenye akili na mikono mizuri, kwa kuwa mbele yao kulikuwa na namba tu, na namba isiyo na sababu inaonekana kama pendekezo.

STL inachangia sana katika hilo. Faili hilo hubeba umbo peke yake, pembetatu maelfu kwa maelfu. Halijui bawaba iko wapi, halibebi maelezo ya pembeni, halina namba ya toleo inayosomeka. Kwa watu wengi STL ndiyo mchoro huria wenyewe, kwa sababu ndiyo inayochapika. Kumbe sababu zote zimebaki kwenye chanzo. Anayehariri STL anakata uzi unaomuunganisha na kila marekebisho yatakayokuja: Watunzaji wakirekebisha kosa kesho, yeye hana njia ya kulipokea bila kuanza upya, na marekebisho yake mazuri hayana njia ya kuwafikia wao. Kujifunza OpenSCAD kwa kiwango cha kubadilisha thamani chache kulimchukua mhandisi siku mbili. Siku hizo mbili zingetangulia, tunakadiria Karakana ingeokoa mwezi.

Watunzaji nao wana sehemu yao. Orodha ya vifaa ilisema Viton bila kusema kwa nini, na fundi wa pwani anayejua kwamba oringi ya Viton itasafirishwa kwa gharama kubwa kuliko bei yake ana haki ya kutafuta mbadala. Tawi kuu lilikuwa na mafaili ya STL yenye majina sawa na ya toleo rasmi, bila alama yoyote ya kuyatofautisha. Na jibu lao la kwanza, ingawa lilikuwa sahihi, lilikuwa orodha ya maswali isiyo na neno la kumkaribisha mtu anayeandika mara ya kwanza, kwa lugha isiyo yake. Watu waliozoea miradi hii huona maswali kama hayo ni mwanzo wa kusaidiwa. Mgeni huona mlango umefungwa. Watunzaji baadaye waliweka fomu fupi yenye sehemu za kujaza toleo, tabaka, aina ya plastiki na picha, na wakaongeza safu ya sababu kwenye orodha ya vifaa. Mstari wa oringi umeandikwa kutokana na taarifa ya Chuo.

Yaliyokwenda vizuri yasipotee. Ujuzi wa fundi mkuu wa kupima ndio uliotoa jedwali la nati. Hakuna programu ingefanya hivyo. Kusimamisha kazi wiki nne kabla ya mwisho kulihitaji ujasiri, na bila hatua hiyo Chuo kingepokea hadubini kumi zinazopoteza fokasi. Kukataa kuuza haki ya michoro kulilinda uhusiano na Watunzaji, ambao wangekuwa na haki kisheria ya kulalamika. Udhaifu uliobaki ni kwamba mawasiliano yote na hazina ya GitLab bado yako kwa mhandisi mmoja. Akiondoka, Karakana inabaki na STL tena.

Kwa anayeanza kazi kama hii, utaratibu ambao Karakana inautumia sasa kabla ya kila mwili unafaa kuigwa jinsi ulivyo. Chapa kwanza kipande cha majaribio chenye bawaba nne za unene ule ule, kwa uzi wa plastiki na mipangilio utakayotumia. Pima unene wa kila bawaba kwa kalipa. Tofauti ikizidi mm 0.1, tafuta sababu kabla ya kuendelea. Shikilia upande mmoja, ning'iniza uzito wa gramu 200 upande wa pili, pima ulivyoshuka na uandike. Kipande kinachoshuka tofauti na cha wiki iliyopita kinakuambia kwamba uzi una unyevu, nozeli imelika au mtu amegusa mipangilio. Kisha pindisha kila bawaba mara hamsini. Inayokatika chini ya hapo haifai.

Suala la joto bado halijafungwa. Karakana imependekeza plastiki ya PETG, ambayo hulainika karibu na nyuzi 80, lakini ni laini kuliko PLA: ugumu wake wa asili uko karibu na asilimia 57 ya ule wa PLA. Ili bawaba irudi kwenye ugumu ule ule, unene uongezwe kwa takriban asilimia 20, yaani kutoka mm 0.8 hadi karibu 0.96. Kwa tabaka za mm 0.2 hiyo haichapiki. Iliyo karibu ni tabaka 5, mm 1.0, ambayo itakuwa ngumu kidogo kuliko inavyotakiwa. Kwa tabaka za mm 0.16 ni tabaka 6 kamili, ila mwili utachukua muda mrefu zaidi kwa robo. Miili miwili, mmoja wa kila aina, iko kwenye majaribio ya oringi na mota, na vipimo vyake vimewekwa kwenye tawi la Karakana ili Watunzaji wavikague.